Nafuu si Kupona: Uhakiki wa Dai kwamba Sauna Huondoa Uchovu wa Pombe, kwa Kurejelea Ufini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza dai lililoenea nchini Ufini na kwingineko kwamba kuingia sauna siku inayofuata ulevi humsaidia mtu kupona upesi. Dai hilo limepimwa kwa kuangalia mambo matatu: njia ambazo mwili hutumia kuondoa pombe, mabadiliko yanayotokea mwilini mtu anapokuwa ndani ya sauna, na matokeo ya tafiti zilizokwishachapishwa kuhusu sauna na kuhusu tiba za uchovu wa pombe. Imebainika kwamba jasho huondoa kiasi kidogo mno cha pombe. Kwamba sauna huongeza upungufu wa maji na mzigo wa moyo ambavyo tayari vimesababishwa na ulevi. Na kwamba nafuu inayosimuliwa na watumiaji ni ya kweli, lakini ni ya hisia na ya muda. Makala yanahitimisha kwamba sauna haiponyi uchovu wa pombe, na kwamba huweza kuhatarisha maisha ikiwa pombe ingali mwilini.

1.0 Utangulizi

Ufini ina wakazi takribani milioni 5.5 na sauna zinazokadiriwa kufikia milioni 3. Kwa uwiano huo, si ajabu kwamba sauna imehusishwa na karibu kila hatua ya maisha ya Mfini. Hapo zamani wanawake walijifungulia humo, maiti walioshwa humo kabla ya kuzikwa, na wagonjwa walipelekwa humo kutibiwa. Mwaka 2020 UNESCO iliingiza utamaduni wa sauna wa Ufini katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika.

Methali mashuhuri ya Wafini husema kwamba iwapo sauna, pombe kali na lami ya msonobari havikufaa, basi maradhi hayo ni ya kufisha. Methali hiyo inaiweka sauna na pombe katika kapu moja, vyote viwili vikiwa dawa. Swali linaloshughulikiwa katika makala haya linaugeuza uhusiano huo: je, kimoja kinaweza kuwa dawa ya madhara ya kingine? Wapo wanaoamini hivyo kwa dhati, na hoja yao ya kawaida ni kwamba joto "huitoa pombe kwa jasho".

Suala hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Mtu anayemeza kidonge kisicho na manufaa hupoteza fedha zake tu. Mtu anayeingia katika chumba chenye joto la nyuzi 90 za Selsiasi akiwa na upungufu wa maji, usingizi mchache na mabaki ya pombe katika damu anaweza kupoteza zaidi ya hapo. Kwa sababu hiyo, ni muhimu kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: kupata nafuu na kupona.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

2.1 Sauna

Katika makala haya, sauna ni chumba kilichojengwa kwa mbao, chenye jiko la mawe ambalo kwa Kifini huitwa *kiuas*. Hewa ya ndani huwa ya moto, kwa kawaida nyuzi 80 hadi 100 za Selsiasi karibu na kimo cha uso wa mwogaji, na huwa kavu kiasi. Mara kwa mara mwogaji humwagia mawe maji, na mvuke unaotoka humo huitwa *löyly*. Kikao kimoja huchukua dakika 5 hadi 20, kisha mwogaji hutoka kupoa kwa maji ya bomba, ziwa au theluji, na huweza kurudi tena mara mbili au tatu.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kutofautisha sauna na mambo mawili anayoyafahamu. La kwanza ni nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa maji yaliyochemshwa na majani ya dawa, mgonjwa akiwa amejifunika shuka au blanketi. La pili ni hamamu, bafu la mvuke lenye asili ya Uajemi na nchi za Kiarabu, ambalo mfano wake ni lile la Hamamni, Mji Mkongwe, Zanzibar, lililojengwa katika zama za Sultani Barghash. Katika nyungu na hamamu, unyevu ni mwingi na joto ni la chini kuliko la sauna. Matokeo ya tafiti za sauna, kwa hiyo, hayawezi kuhamishiwa huko moja kwa moja.

2.2 Uchovu wa pombe

Istilahi "uchovu wa pombe" inatumika hapa kwa maana ya hali ambayo Wafini huiita *krapula* na ambayo wazungumzaji wengi wa Kiswahili wa mjini huiita hengova. Ni mkusanyiko wa dalili za mwili na akili zinazompata mtu baada ya kunywa pombe nyingi kwa mkupuo mmoja: maumivu ya kichwa, kiu, kichefuchefu, kutetemeka, uchovu, kuchukizwa na mwanga na kelele, wasiwasi, na kushindwa kumakinika. Watafiti wa hali hii wanakubaliana kwamba dalili huanza pale kiwango cha pombe katika damu kinapokaribia sifuri.

Kipengele hicho cha mwisho kina maana kubwa kwa mjadala huu. Ikiwa dalili huwa kali wakati pombe inakaribia kwisha, basi kuiondoa pombe iliyobaki hakuwezi kuwa tiba kamili ya uchovu huo, hata kama kungewezekana. Kinachomtesa mtu wakati huo ni matokeo ya kazi ambayo mwili umekwisha kuifanya usiku kucha.

3.0 Mwenendo wa Pombe Mwilini

Zaidi ya asilimia 90 ya pombe inayonywewa hushughulikiwa na ini. Kimeng'enya kimoja huibadili ethanoli kuwa asetaldehaidi, kemikali yenye sumu. Kimeng'enya kingine huibadili asetaldehaidi kuwa asetati, ambayo hatimaye huishia kuwa maji na hewa ya ukaa. Kiasi kidogo kinachosalia hutoka kikiwa bado ethanoli kupitia pumzi, mkojo na jasho.

Kasi ya kazi hiyo ya ini haitegemei matakwa ya mnywaji. Vimeng'enya vikishajaa kazi, ini huendelea kwa mwendo ule ule bila kujali wingi wa pombe unaosubiri. Kwa mtu mzima wa kilo 70, mwendo huo ni takribani gramu 7 za ethanoli kwa saa, sawa na kushuka kwa kiwango cha damu kwa gramu 0.15 hivi kwa lita kila saa. Mtu aliyefikia gramu 1.5 kwa lita saa sita usiku atahitaji takribani saa 10 ili amalize. Saa mbili asubuhi, anapofikiria kuwasha jiko la sauna, bado ana gramu 0.3 kwa lita. Yeye mwenyewe anajihesabu kuwa yuko katika "siku ya pili". Damu yake haijafika huko.

Wakati ini likifanya kazi hiyo, athari nyingine hutokea sambamba. Pombe huzuia utolewaji wa vasopresini, homoni inayoziamuru figo kuhifadhi maji. Matokeo yake ni mkojo mwingi kuliko kiasi cha maji kilichonywewa. Kutapika na kuharisha, vinapotokea, huongeza upotevu wa maji na madini. Pombe hudhoofisha pia uwezo wa ini kutengeneza sukari mpya, hukatiza usingizi katika nusu ya pili ya usiku, hukera utando wa tumbo, na huamsha mwitikio wa kinga ya mwili unaoonekana katika ongezeko la saitokini katika damu. Mwitikio huo wa kinga unafanana kwa sehemu na ule wa mtu mwenye homa, na hivyo husaidia kueleza kwa nini kunywa maji peke yake hupunguza kiu bila kuondoa unyong'onyevu.

Moyo nao hauachwi salama. Mwaka 1978 Ettinger na wenzake walieleza hali ya mapigo ya moyo kupoteza mpangilio kwa watu waliokunywa sana mwishoni mwa wiki au wakati wa sikukuu. Tangu hapo, uhusiano kati ya ulevi wa mkupuo na kasoro za mapigo ya moyo umethibitishwa na tafiti nyingi.

4.0 Mwili Ndani ya Sauna

Mtu anapoketi saunani, joto la ngozi yake hupanda upesi hadi kufikia nyuzi 40 hivi. Mwili hujitetea kwa njia mbili. Kwanza, mishipa ya damu ya ngozi hutanuka ili damu ipeleke joto nje. Sehemu ya damu inayokwenda kwenye ngozi huongezeka kutoka asilimia 5 hadi 10 ya damu yote inayosukumwa na moyo, na kufikia asilimia 50 hadi 70. Damu hiyo haina budi kutoka mahali fulani, na mtiririko unaokwenda kwenye viungo vya ndani hupungua. Pili, tezi za jasho huanza kazi, na kwa wastani mwogaji hupoteza takribani nusu kilo ya maji kwa kikao.

Ili kutosheleza mahitaji hayo, moyo huongeza mwendo. Katika sauna ya wastani mapigo hufikia 100 kwa dakika; katika sauna kali huweza kufikia 150. Kwa mtu mwenye afya, aliyelala vya kutosha na aliyekunywa maji, hali hiyo hulingana na mazoezi ya wastani, na mwili huimudu bila taabu. Hannuksela na Ellahham (2001), katika mapitio yao ya manufaa na hatari za sauna, walifikia uamuzi kwamba sauna ni salama kwa watu wengi wenye afya, na hata kwa wagonjwa wengi wa moyo ambao hali yao imetulia. Waliowaonya ni wenye maumivu ya kifua yasiyotulia, waliopata shambulio la moyo karibuni, na wenye mlango wa aota uliobana sana. Pamoja na hao, walionya dhidi ya kunywa pombe wakati wa kuoga sauna, kwa kuwa pombe huongeza hatari ya shinikizo la damu kushuka, mapigo ya moyo kuvurugika na kifo cha ghafla.

5.0 Uhakiki wa Hoja Zinazotetea Sauna

5.1 Hoja ya jasho

Hoja hii inasema kwamba pombe hutoka kwa jasho, kwa hiyo jasho jingi huondoa pombe nyingi. Sehemu ya kwanza ni kweli. Sehemu ya pili haistahimili hesabu. Kiwango cha ethanoli katika jasho hukaribiana na kile kilichomo katika maji ya damu. Mtu mwenye gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu akitoa nusu lita ya jasho atapoteza takribani gramu 0.3 za ethanoli. Ini la mtu huyo huondoa kiasi hicho hicho kwa muda usiozidi dakika 3, akiwa amelala kitandani. Kipimo kimoja cha kawaida cha pombe nchini Ufini kina gramu 12. Kikao kizima cha sauna, basi, huondoa sehemu 1 kati ya 40 ya kinywaji kimoja. Gharama ya manufaa hayo ni nusu lita ya maji ambayo mwili ulikwisha kuyapungukiwa.

5.2 Hoja ya mzunguko wa damu

Hoja ya pili hudai kwamba joto huchangamsha mzunguko wa damu, na kwamba damu inayokwenda kasi husafisha mwili upesi. Ni kweli kwamba moyo husukuma damu nyingi zaidi mtu akiwa saunani. Hata hivyo, damu ya ziada huelekezwa kwenye ngozi, wakati kiwanda cha kuondoa pombe kimo katika ini. Zaidi ya hayo, kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.0, kinachoweka mpaka wa kasi ya ini ni uwezo wa vimeng'enya vyake. Kupeleka malighafi nyingi zaidi kwenye kiwanda ambacho mitambo yake yote tayari inafanya kazi hakuongezi uzalishaji.

5.3 Hoja ya ushuhuda

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi, kwani inatokana na uzoefu: watu wengi husema kwamba hujisikia vizuri baada ya sauna. Ushuhuda huo haupaswi kupuuzwa. Joto hulegeza misuli iliyokaza. Baadhi ya vipimo vimeonyesha ongezeko la beta-endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu na kuleta utulivu. Maji baridi yanayofuata huamsha mfumo wa neva na kuondoa usingizi. Ukimya, giza hafifu na kutoguswa na simu kwa nusu saa ni mapumziko ambayo mtu mwenye kichwa kizito angeyafurahia popote.

Pamoja na hayo, ushuhuda huo una kasoro mbili. Kasoro ya kwanza ni ya wakati. Uchovu wa pombe hupungua wenyewe kadiri saa zinavyopita, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Mtu anayeingia sauna jioni ya siku ya pili angekuwa na hali bora jioni hiyo hata kama angekaa barazani, lakini sifa huiendea sauna kwa kuwa ndiyo iliyotangulia nafuu. Kasoro ya pili ni kwamba nafuu mara nyingi huja ikiwa imechanganywa na bia. Nchini Ufini bia ya sauna ina jina lake, *saunakalja*, na ni sehemu ya starehe hiyo. Mwenye uchovu anayeinywa humo anafanya kile ambacho walevi wa Kiswahili hukiita kuzimua: hutuliza dalili kwa kuurudisha mwili katika hali ya ulevi, na huahirisha deni badala ya kulilipa. Ni vigumu kwake kujua kama aliyemtuliza ni mvuke au ni bia.

6.0 Ushahidi wa Tafiti

6.1 Tafiti za tiba za uchovu wa pombe

Pittler, Verster na Ernst (2005) walipitia majaribio 8 ambamo washiriki waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya waliopewa tiba na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba tiba yoyote kati ya hizo huzuia au huponya uchovu wa pombe, na walisema njia bora ya kuuepuka ni kutokunywa au kunywa kwa kiasi. Roberts na wenzake (2022) walirudia kazi hiyo kwa majaribio 21 na wakakuta kwamba ubora wa ushahidi ulikuwa wa chini sana. Vilivyochunguzwa katika mapitio yote mawili ni vitu vya kumeza: dawa, sukari, virutubishi na dondoo za mimea. Mtu anayetaka kuitetea sauna kwa kutumia fasihi ya tiba za uchovu wa pombe hatapata humo msingi wa kusimamia.

6.2 Utafiti wa Kuopio

Kwa kukosa msingi huo, watetezi wengi huelekea kwenye utafiti wa Laukkanen na wenzake (2015), uliofuatilia wanaume 2,315 wenye umri wa miaka 42 hadi 60 mashariki mwa Ufini kwa takribani miaka 20. Walioingia sauna mara 4 hadi 7 kwa wiki walikuwa na hatari ya kifo cha ghafla cha moyo iliyo chini kwa asilimia 63 kuliko walioingia mara moja. Matokeo hayo ni mazito na yamenukuliwa sana.

Hata hivyo, kuyatumia katika suala hili ni kuyalazimisha kujibu swali ambalo hayakuulizwa. Utafiti huo ulipima mazoea ya miaka mingi, haukupima hali ya mtu siku aliyoamka na uchovu. Aidha, watafiti walirekebisha hesabu zao kulingana na unywaji wa pombe wa washiriki, ili athari ya pombe isichanganyikane na ya sauna. Pombe iliwekwa kando kwa makusudi. Haiwezekani kuirejesha baadaye na kudai kwamba matokeo yanaihusu. Kwa kuwa huu ulikuwa utafiti wa ufuatiliaji, inawezekana pia kwamba wenye afya njema ndio walioweza kuingia sauna kila siku.

6.3 Tafiti za vifo

Kenttämies na Karkola (2008) walichunguza vifo vilivyotokea saunani nchini Ufini. Kiwango chake kilikuwa chini ya vifo 2 kwa kila wakazi 100,000 kwa mwaka, idadi ndogo kwa taifa ambalo karibu kila mtu huoga sauna. Nusu ya vifo hivyo vilitokana na sababu za asili, na robo vilitokana na joto lenyewe. Jambo linalogusa mada hii ni kwamba takribani nusu ya waliokufa walikuwa wamelewa au walikuwa na pombe mwilini.

Takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hazithibitishi kwamba kila aliye na uchovu wa pombe akiingia sauna atadhurika. Walio wengi hutoka salama. Zinachoonyesha ni kwamba hatari ya sauna, iliyo ndogo kwa watu wote kwa jumla, imejikusanya kwa kiasi kikubwa mahali ambapo joto na pombe hukutana. Pombe huondoa pia tahadhari: mtu hushindwa kutambua kwamba amezidiwa, hulala juu ya benchi, au huteleza kandokando ya jiko. Anayetoka na kujitupa ziwani hukabiliwa na mshtuko wa baridi wakati mishipa yake ingali imetanuka.

7.0 Mapendekezo

Uchambuzi huu unaelekeza kwenye kanuni ya wakati badala ya katazo la jumla. Mtu ambaye pombe ingali mwilini mwake, anayetetemeka, anayetapika, anayehisi kizunguzungu au ambaye moyo unamwenda mbio, asiingie sauna. Maji, chumvi kidogo, chakula chepesi na usingizi vinagusa moja kwa moja mapungufu aliyonayo. Mwenye historia ya maradhi ya moyo au anayetumia dawa za shinikizo la damu asijaribu kabisa katika siku hiyo. Aliyekwisha kulala, kula, kunywa maji hadi mkojo wake ukawa mweupe, na ambaye saa za kutosha zimepita, anaweza kurudi saunani kama mwogaji mwingine yeyote: kwa joto la wastani, kwa muda mfupi, asiwe peke yake, na bila bia. Mtu wa namna hiyo, hata hivyo, atakuwa amekwisha kupona kabla ya kuingia.

Kwa watafiti, jaribio linaloweza kulitatua suala hili kwa uhakika lingelinganisha sauna na mapumziko katika chumba cha joto la kawaida, makundi yote mawili yakipewa maji sawa na kupimwa saa zile zile. Bila ulinganisho wa aina hiyo, nafuu ya sauna haiwezi kutenganishwa na nafuu ya muda.

8.0 Hitimisho

Makala yamebainisha kwamba dai la sauna kuponya uchovu wa pombe limejengwa juu ya mambo matatu ya kweli yaliyounganishwa kimakosa: kwamba pombe hutoka kwa jasho, kwamba sauna huenda sambamba na afya njema ya moyo, na kwamba watu hujisikia vizuri baada ya kuitumia. Kiasi kinachotoka kwa jasho ni kidogo mno kuwa na maana. Afya hiyo ya moyo huhusiana na mazoea ya miaka mingi na haielezi hali ya asubuhi moja. Na kujisikia vizuri ni nafuu inayoweza kufika hata pale mwili unapozidi kudhoofika. Ulevi na sauna vyote viwili hudai maji yale yale, shinikizo lile lile la damu na moyo ule ule. Kinachoondoa pombe ni ini, na ini huhitaji saa zake.